Wabeja ya Msibani

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, na kila wenzangu wa kijiji cha Kakese wakilikumbuka natamani ardhi ipasuke, lakini leo acheni niwaambie: mimi nilimshukuru mtu kwa kufiwa na mama yake.

Chanzo ni wivu. Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu huko, na mwalimu mkuu alikuwa anatafuta msaidizi, cheo nilichokitaka mpaka nakiota (nilishashonesha hadi kaunda suti). Lakini wazazi wote wimbo wao ulikuwa Kalista, Kalista! Mwalimu mwenzangu huyo, Mbende kwa kabila, akikutana na wafugaji wa Kisukuma anawaambia "wabeja", yaani ahsante, nao meno yote nje. Roho iliniuma, nikajiambia kumbe siri yake ni hilo neno tu (maana yake wala sikuuliza, ningemuulizaje yeye?), basi na mimi ninalo.

Siku walimu tulipokwenda kumpa pole Mzee Masanja, mfugaji aliyefiwa na mama yake, nikamkuta Kalista ametangulia, kakaa naye kimya, na mzee analia kama yuko na binti yake. Wivu ukanipanda mpaka kooni (msibani, jamani!), nikajipenyeza mbele, nikampa mzee mkono, nikapaza sauti ili mkuu naye asikie: "Wabeja, mzee! Wabeja sana!"

Kina mama waliokuwa wanalia wakageuka kuniangalia.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "unanishukuru nini? Mama kufa?"

Nikatafuta pa kutazama nikapakosa. Kalista ndiye akaniokoa: "Baba, mwenzangu neno limempotea. Pole anayo moyoni." Mzee akanitazama sana, kisha akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka.

Usaidizi alipewa nani, mnajua wenyewe. Nilisubiri Kalista anicheke ofisini, walau nipate sababu ya kumchukia. Hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo liliniuma kuliko cheo. Neno nilimwibia, lakini kuusoma moyo wa mtu hakuibiki.

Siku hizi nikiingia msibani namtazama kwanza mfiwa usoni, mdomo naufungua baadaye. Wivu bado ninao kidogo, nisiwadanganye, ila nikienda kumpa mtu pole nauacha nyumbani.