Leso Ambayo Razia Hakuikata

Mke wangu Razia alishona makoti miaka ishirini na mbili katika kiwanda kimoja huko Downsview, ughaibuni. Aliyekaa cherehani ya pili ni Lurdes, mama wa Kireno. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuombea maji.

Siku moja ya baridi Razia alijifunga leso juu ya suruali. Lurdes akauliza hiyo ni nini.

"Leso."

Lurdes akachomoa kitambaa chake cha kichwa mkobani. "Lenço!"

Msimamizi wao Mtaliano akasikia, akasema kwao lenzuolo ni shuka ya kitanda. Wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Tangu hapo wakawa wanakula pamoja.

Mjukuu wetu Nilofar ametazama kwenye simu. Anasema Wareno ndio waliotuletea neno hilo pwani, na asili yake ni Kilatini, kitambaa cha kitani. Mimi sikusoma. Najua tu Mombasa twajifunga, Dar wanafutia kamasi.

Razia alifariki mwezi wa Machi. Aliacha jozi moja mpya ya leso za Mombasa, haijakatwa. Leso huuzwa mbili zimeungana, mwenyewe hukata akapinda. Binti yangu Alia alipofungasha nguo za kugawa, hiyo niliikalia.

Jumamosi Lurdes akaja na mkasi.

"Baba Alia," akasema. Anadhani ndilo jina langu. "Razia aliniahidi moja."

"Najua."

"Basi?"

"Ikikatwa haiwi tena kama ilivyokuwa."

"Mzee mkaidi! Wataka ioze kabatini? Na mimi niliyekulisha miaka yote!"

"Wewe umenilisha nini?"

"Kababu za samaki. Kila Ijumaa nampa Razia, yeye hazili, akuletea wewe."

Kababu zile nilizisifu miaka yote. Razia akitabasamu tu, hasemi kapika nani.

"Lete mkasi," nikasema.

Nilikata mwenyewe. Mstari ukaenda upogo.

"Lo! Razia angekufukuza kiwandani," Lurdes akasema, huku akifuta macho.

Akazipinda zote mbili kwa cherehani ya marehemu. Moja ilikuwa imepungua kwa ukataji wangu. Akainyoshea mkono hiyo hiyo.

"Chukua kubwa," nikamwambia.

"Hapana, Baba Alia. Wewe ndiye mume."

"Razia hangekupa wewe ndogo."

Akaichukua kubwa. Akaikunja polepole, kona kwa kona, akaitia mkobani.