Mshale Uliogoma Kwenye Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini, hata ovaroli haijanikaa sawa, Mkuu wa Karakana aliniita ofisini kwake Chake Chake. Mezani palikuwa na barua ya kumfukuza kazi dereva, Mzee Hamadi, inasubiri saini tu. Gari lake la wagonjwa, baada ya zamu ya siku tatu Wingwi, lilizimika njiani bila tone la petroli, na ndani mna mama ameshikwa na uchungu. Alhamdulillahi, alijifungua salama papo hapo barabarani.

Mzee aliapa kuwa geji, ile saa ya mafuta, ilionesha nusu tangi mpaka gari linazimika. Lakini lilipofika karakana likivutwa kwa kamba, mshale ulikuwa umelala chini kabisa, na tangi kweli tupu.

"Geji nzima, mzee muongo," alisema Mkuu. "Wewe ndiye fundi umeme. Pima, uandike hivyo, nami nitie saini."

Basi sikilizeni, hapa ndipo ninapopapenda! Geji ina mambo matatu: saa yenyewe, waya, na boya linaloelea tangini, likipanda na kushuka pamoja na mafuta. Nikauchomoa waya kwenye tangi, nikaugusisha bodi ya gari. Mshale ukaruka mpaka juu. Saa nzima, waya mzima. Nilitamani kulia, maana kila nilichopima kilimkandamiza mzee wa watu, naye kasimama kashika kofia yake.

Kalamu nilishaishika. Halafu nikajiuliza: njia ile ina mashimo, na gari limevutwa likirukaruka. Kama kitu kilikwama, si kingekwishakwamuka?

Tangi lilikuwa chini ya kiti. Nikafungua skurubu, nikalitoa boya, nikamulika tochi. Yarabi! Chini mna vipande saba vya chelewa, njiti hizi hizi za ukuti tunazofungia fagio. Nikarudisha waya, nikapachika kipande kimoja kwenye bawaba ya boya, nikaliachia. Mshale ukagoma pale pale kwenye nusu. Nilipiga kelele mpaka mafundi wote wakaja mbio.

Karakana nzima ilimjua mwenye chelewa. Mkuu hakuamini geji wala dereva. Kila gari likirudi alitumbukiza chelewa tangini kwa mkono wake kupima mafuta, na ikikatikia ndani alichukua nyengine.

Nilimwekea vile vipande mezani. Alivitazama, akatoka nje, akasimama mbele ya madereva wote.

"Mzee Hamadi, nimekudhulumu. Nikutake radhi vipi?"

"Mie nishakusamehe," alijibu mzee. "Nenda Wingwi ukamtake radhi yule mama."

Akaenda, siku ile ile, na Mzee Hamadi ndiye aliyemwendesha.

Baadaye nilihamishiwa Wete, kisha Unguja, chini ya wakubwa wanne, mpaka nikastaafu na kurudi zangu Vitongoji. Vijana wa sasa mnachomeka kompyuta, mara moja mshajua ugonjwa wa gari. Raha iliyoje, nawaonea gere! Lakini ile karatasi yangu ya kwanza naikumbuka hadi leo. Nilikuwa nimeshaandika "Geji", bado "nzima" tu.