Uzi Ulionirudisha Mihrabuni

Mnaoniuliza kwa nini miaka ile ya sabini niliacha chuo changu cha Kurani Mombasa nikaenda bara, leo nawajibu, na atakayecheka na acheke. Nilikuwa na jipu kando ya tupu ya nyuma. Lilitumbuka, likafunga, likafura tena, hata likaacha kitundu cha kuvuja usaha mchana na usiku. Tukasema ni bawasiri, tukatia dawa za kila namna. Wapi! Udhu haukai. Nikaacha kusalisha watu, nikawa nasimama safu ya mwisho. Daktari mmoja akataka kunipasua, ila alinitahadharisha kwamba huenda nisiweze tena kuzuia haja wala upepo. Nikamwambia bora nibaki na usaha wangu. Ndipo dada yangu Zuhura, mke wa mtu wa reli Nairobi, akaniletea habari kwamba huko wanatibu kwa uzi.

Ndani ya gari la moshi nilisimama karibu safari nzima. Bwana mmoja muungwana alinipa nafasi yake, nikakataa, akanuna akidhani namdharau. Ningemwambia nini?

Makongeni, mtaa wa Nairobi alikokaa Zuhura, nilifika asubuhi. Nyumba za reli zimejipanga safu safu, kila safu wanaiita line, bomba moja majirani wengi. Moyo ulinishuka. Mtu wa kujisafisha kila mara kama mimi nitajificha wapi hapa?

Hospitalini nilitaka kukimbia. Daktari ni mwanamke, tena umri wa binti yangu! Alinilaza ubavu, akanipima kwa kidole.

"Mwalimu, kaza, kama unazuia upepo mbele za wakwe."

Nikakaza, jasho linanitoka.

"Legeza. Msuli wako ni mzima, na huo ndio nitakaoulinda. Kitundu kinapita katikati yake. Nikipasua chote leo utakauka upesi, lakini mlango hautafunga sawasawa."

Nilipozinduka kutoka nusukaputi, uzi ulikuwa umepitishwa kitunduni, umetokea ndani, umefungwa kama pete. Alinieleza kwamba kwanza utalegea, usaha upate njia. Kisha atakuwa akiukaza kidogo kidogo, mbele unakata, nyuma yake nyama inashikana.

"Sikuahidi kila kitu," alisema. "Nakuahidi sitakuwa na haraka."

Subhanallah! Uzi unakata na msuli unaungana papo hapo! Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watoto chuoni kwamba mwili wa binadamu ni ajabu, kumbe nilikuwa nasema tu.

Miezi yote ya kukazwa uzi niliishi kwa Zuhura. Nilitakiwa kukalia maji ya vuguvugu yenye chumvi kila nikitoka msalani. Siku ya pili tu, jirani yetu Mama Akinyi, mtu wa Kisumu, alibisha mlango na karai.

"Mwalimu, maji yako iko tayari."

"Nani amekwambia?"

"Aii! Line yote inajua. Hata baba yangu alikuwa na hiyo kitu. Kaa kwa maji, wacha maneno."

Nilimgeukia Zuhura kwa hasira, akaapa hakusema neno. Basi nikakaa kwa maji, na machozi yakanitoka. Hakuna aliyenicheka pale, hata mmoja. Niliona haya kwa jinsi nilivyowadhania watu.

Siku uzi ulipomaliza kukata na kuanguka wenyewe, nilipiga ukelele hadi Zuhura akaja mbio. Kidonda kikafunga taratibu. Daktari akaniambia sasa nirudi kwetu, nikajipime mwenyewe kama naweza kuzuia.

Mombasa nilifika alasiri. Magharibi nikatawadha, nikasali na wenzangu, kisha nikakaa. Nilikaa, jamani! Wengine walikwenda birikani kutawadha upya. Mimi nilibaki nikijisikiliza kwa hofu. Upepo ulinijia, nikakaza, ukatii. Nguo kavu. Nikatoka nje, nikautoa kwa hiari yangu, nikacheka peke yangu, halafu nikaenda birikani kwa furaha kama bwana harusi.

Muadhini alipokimu Isha, wazee walinitazama, wakanipisha njia. Nikapita mbele.