Bibi Anayepanda Mlima Kinyumenyume

Jua halijauvuka mlima, na Fidanka Kehayova anaendesha lori akiwa amekalia nusu ya kiti. Mlango uko wazi. Mguu mmoja uko kwenye mafuta, mwingine umekanyaga ngazi ya nje, na kichwa kimetoka kutazama tairi za nyuma. Lori linapanda mlima kinyumenyume.

Ndivyo kazi inavyofanyika hapa Chereshka, katika milima ya Rodopi. Huko juu, kwenye misonobari, hakuna pa kugeuzia lori. Dereva hupanda kwa rivasi ili akishapakia magogo ashuke uso ukitazama bonde. Kushoto kwake ni mwamba. Kulia hakuna kitu. Ukiwa chini unamtazama, unajikuta umesahau kupumua.

Lori hilo madereva wanaliita Bibi. Kiwanda kimekuwa kikiliunda kwa umbo lilelile tangu Fidanka akiwa mtoto wa shule, hata baada ya kuanza kuunda aina mpya. Sasa kimetangaza kwamba oda za Bibi zitafungwa mwisho wa mwezi huu. Na Bibi wa Fidanka amechoka: fremu yake ina ufa uliochomelewa mpaka hakuna tena pa kuchomelea.

"Bila lori linalofika kule juu, kazi ya msitu wanampa mwingine," anasema Fidanka, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. "Na nikinunua Bibi mwingine, mume wangu hataki kumwona hata uani. Niambie wewe, nifanyeje?"

Mumewe, Sevdalin, ndiye aliyekuwa dereva zamani. Miaka tisa iliyopita breki za Bibi zilichemka kwenye mteremko wa kijijini zikaacha kushika. Alilibamiza lori mwambani lisije likaingia kwenye nyumba za watu. Alitoka hai, bila mguu wa kulia.

Kwao anayeondoka humwagiwa maji njiani mbele yake, ili safari iende laini kama maji yenyewe. Sevdalin humwagia kila mtu, hadi mgeni aliyekuja kuuza asali. Tangu ajali ile hajammwagia Bibi hata tone.

Jumatatu iliyopita kiwanda kilimtuma mhandisi Ognyan Ralev alete lori jipya ili madereva walijaribu. Lilikuwa jeupe, limeoshwa, linanukia. Salih, mpakiaji wa magogo, alilipa jina papo hapo: Bwana Harusi.

"Shangazi Fidanka, vua viatu kabla hujaingia!" alimtania.

"Nyamaza wewe. Na wewe leo umenyoa ndevu kwa ajili yake."

Fidanka akaanza kupanda, mhandisi pembeni yake. Kwenye kona ya kwanza alifungua mlango atoe kichwa, kama kawaida. Lori likasimama. Akafunga, likaenda. Akafungua, likasimama tena.

"Lina nini hili?"

"Linakulinda, mama," alisema Ralev. "Mlango ukiwa wazi halitembei. Tazama kamera."

"Kamera imejaa matope, mwanangu. Nitazame nini, uji?"

Ralev alicheka, kisha akachungulia upande wa kulia na kicheko kikamkauka. Walilirudisha lori chini polepole, naye Fidanka akahamia kwa Bibi na kumpandisha mpaka juu, mlango wazi, bila kusita hata kwenye kona. Mhandisi alisimama matopeni ameduwaa.

"Nimechora magari miaka yote hii," alisema. "Sikujua kuna watu wanayaendesha hivi."

Lakini siku ilikuwa bado haijaisha. Bwana Harusi alipakiwa magogo kwenye uwanja wa chini, juu kidogo ya kijiji, na Fidanka akamshusha kwenye mteremko uleule uliomla mumewe mguu.

"Sasa toa mguu kwenye breki," alisema Ralev.

"Una wazimu?"

"Toa tu, mama."

Akatoa. Lori, pamoja na uzito wote ule mgongoni, likaendelea kushuka taratibu, likijizuia lenyewe kama ng'ombe anayeongozwa mtoni. Hapakuwa na harufu ya breki kuungua. Walipofika kwenye mwamba wenye alama ya rangi ya lori la zamani, Fidanka alilia waziwazi.

"Hili lingemrudisha nyumbani mzima," anasema sasa, na machozi bado hayako mbali.

Mchana, nyumbani kwa Fidanka, walikula patatnik, ile pai ya viazi, na ubishi ukapanda moto.

"Nunua hili jipya," alisema Sevdalin.

"Halifiki juu, mume wangu."

"Basi msitu ubaki hukohuko juu!"

Ralev alikiri kwamba kuunda aina mbili pamoja ni gharama kubwa kwa kiwanda. Fidanka akamkatiza: "Basi mwekeeni Bibi breki za huyu Bwana Harusi. Mkimuunda hivyo, mimi niandikeni wa kwanza."

Mhandisi alienda kulala chini ya Bibi na kupima kwa mikono. Alitoka na mafuta usoni. Inawezekana, alisema, ila uamuzi si wake. Atalifikisha suala hilo kwenye kikao cha Alhamisi. Alipojiandaa kuondoka na lori jipya, Sevdalin alitoka na mkongojo wake akammwagia Bwana Harusi maji, mtungi mzima.

Fidanka alikuwa na mzigo mwingine wa kuchukua. Alimwasha Bibi, akatazama lango bila kutegemea kitu.

"Ngoja," alisema Sevdalin.

Aliingia ndani. Alikawia. Akarudi na mtungi umejaa, maji yakimrukia suruali kila hatua, akayamwaga yote mbele ya tairi za Bibi.

"Haya ni ya leo tu," alisema bila kumtazama mkewe. "Huyo Bibi mwingine, aje na breki."