Barua kwa Aliyezama

Zamani, katika kambi ya reli, mtu alirudisha kitabu akiwa na barua mkononi na kusimama kuisoma mbele ya wenzake. Siku hizi kitabu kikirudi, kinarudi na mafuta ya maandazi kwenye jalada, na aliyekisoma hana la kusema.

Nauza na kuazimisha vitabu kando ya posta, katikati ya Lubumbashi, huu mwaka wa kumi na tisa. Vinafika katika makatoni kutoka Ulaya, vimechanganywa na viatu vya mitumba. Mwanzoni walimu walichuchumaa mbele ya turubai langu mpaka jua likawafukuza. Sasa watu wananisimamia juu ya kichwa na kuuliza kama nina mayunite, salio la kupigia simu.

Shuleni sikufika mbali. Baba alikufa nikiwa darasa la sita, nikaingia karakana ya reli kufagia vyuma. Yaliyobaki nilifundishwa na vitabu, katika chumba cha kusomea cha kambi, chini ya karani mmoja aliyeitwa Mardochée. Karani huyo alikuwa na sheria moja. Hakupokea kitabu mpaka msomaji alete barua aliyomwandikia mtu mmojawapo wa ndani ya kitabu hicho. Alisema habari za hadithi unaweza kumuuliza jirani, lakini barua huwezi kuiandika kama hukukaa na yule mtu ukamjua. Jumamosi, sirene ya mchana, king'ora cha kazi, ikishalia, tulisimama mmoja mmoja tukasoma. Mimi nilimwandikia nahodha mmoja wa meli kumwambia kwamba ni mpumbavu, na watu wazima wakanipigia makofi. Chumba kile leo wanaoshea magari.

Sephora alikuja kwangu mwezi wa kumi, mwaka juzi, akiwa na sare ya shule. Alikuwa na miaka kumi na saba, darasa la mwisho la sekondari, na mwezi wa saba alitakiwa kufanya mtihani wa taifa. Baba yake alikwenda kutafuta kazi Kolwezi na habari zake zikakatika. Msichana aliishi Kamalondo na nyanya yake, kambo kama tunavyowaita hapa bibi na babu wote, Mama Germaine, ambaye namjua tangu ujana wake. Marehemu mumewe, Elisée, alikuwa fundi breki. Wazazi wetu walishuka kutoka kaskazini kwa treni, tukakaa kambini katika nyumba zinazotazamana, tukabatiza watoto katika parokia moja.

Siku hiyo nilikuwa na katoni ambalo nilikwisha kuwaahidi akina mama wa karanga, walifanye karatasi za kufungia. Vilikuwa vitabu vya vijana: majalada meusi, msichana mweupe kama chaki, mwezi, damu kidogo. Nusu vilihusu miji ya siku zijazo ambako serikali inakula watoto. Nusu vilihusu wasichana wanaopendwa na wafu. Sephora aliomba kimoja. Nilimwambia sheria ya Mardochée ili aondoke.

Alirudi baada ya siku nne na ukurasa uliochanwa katika daftari. Alikuwa amemwandikia msichana wa kitabuni aliyeangusha serikali nzima peke yake. "Unakimbia kurasa mia tatu," alimwandikia, "lakini hujachota maji hata mara moja. Nani anakupikia?"

Nilicheka mpaka mwenzangu anayerekebisha saa akageuka kunitazama. Nikaiweka barua ile katika kopo la maziwa ya unga, na msichana akachukua kitabu cha pili.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Alivisoma vitabu vile kwa mapenzi, lakini hakuvisamehe kitu. Msichana mwingine wa kitabuni, ambaye mji wake ulikuwa unaungua, Sephora alimwuliza vipi katikati ya moshi anapata nafasi ya kuchagua kati ya wavulana wawili, kama mtu anayechagua kitenge dukani. Kwa kijana mfu aliandika kwamba ana miaka mia moja na bado yuko sekondari, na kwamba kwetu anayerudia darasa mara tatu anafukuzwa. Nilimwambia hayo ni makapi, nikampa kitabu cha maana, kile nilichosoma mara nane katika maisha yangu. Alikimaliza, akaandika barua ya adabu, akarudi kwenye katoni lake. Nilimwuliza sababu. 

"Mu kitabu yako, kambo, bakubwa banasema, mutoto anangoya," alisema. "Mu hizi zangu mutoto njo anaamua. Ata kama ni bongo, ni bongo muzuri."

Njo kwetu ni ndiyo, na bongo ni uongo. Maneno hayo hayakunipendeza. Lakini sikumfukuza. Kila Ijumaa nilianza tena kufuta vumbi kwenye vitabu, jambo nililoliacha tangu mke wangu afe.

Tuligombana mwezi wa pili. Alikuwa amesoma kitabu cha mji uliozungukwa na ukuta, ambako kila mtoto anapimwa akapewa rangi, na rangi ndiyo inayosema atakula nini na atafanya kazi gani. Nilimwuliza amemwandikia nani safari hii. Alisema hakuweza kuandika, kwa sababu watu wote wa mji ule anawajua.

"Hii muji njo kambi yenu," akasema.

Nilidhani ananitania, kwa kuwa mjukuu na kambo wanaruhusiwa kutaniana. Lakini alihesabu kwa vidole, kwa sauti ya mtu anayejibu darasani. Namba juu ya mlango. Sirene ya kuamka na sirene ya kulala. Posho ya unga na samaki kwa daraja la kazi ya baba. Yule bwana aliyeingia nyumbani kufunua vyungu na kutazama chini ya kitanda kama kumefagiliwa. Watoto waliopangwa mstari wapimwe uzito. Mtu akifukuzwa kazi, familia yake nje ya geti kabla ya mwisho wa mwezi. Yote hayo nilimwambia mimi mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, na niliyasema kwa fahari, ili ajue kwamba mji huu uliwahi kuwa na utaratibu.

"Mu kitabu babomoa ukuta, bote banaimba," alisema. "Weye balibomoa yenu, na mpaka leo uko unalia."

Nilimwambia mtoto asiyejua siku ya posho hana ruhusa ya kusema juu ya kambi. Nilimwambia makapi yale yamemharibu akili na asije Jumamosi inayofuata. Alicheka, akijua nitapoa, akachukua kitabu kingine akaenda. Sikupoa. Maneno yake yalinifuata mpaka nyumbani, na kila nilipotafuta mahali alipokosea sikupata.

Kitabu alichochukua, kwa maneno ya jalada la nyuma, kilikuwa cha msichana anayeishi kando ya ziwa, na kijana aliyezama zamani ambaye humjia dirishani kila mvua inaponyesha. Ndicho pekee, nadhani, kilichomshinda. Hakukirudisha Jumamosi ile, wala iliyofuata. Aliniogopa, au aliningoja nimwite.

Katika wiki ya tatu alikuja Mama Germaine. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani siku ya Jumatano, na daftari amelifunga katika leso. Nikampa kigoda changu. Alieleza kwamba Léonie, binti yake mkubwa, shangazi wa Sephora, alikuwa anageuza godoro la msichana akaliona daftari hilo. Huyu Léonie aliacha parokia yetu miaka mingi iliyopita na kufuata kanisa moja la maombi lililo nyuma ya soko. Alisoma, akapiga kelele, akalipeleka kwa mchungaji wake, na mchungaji akasema ni jambo analolijua: msichana ana mume wa majini, pepo wa mtoni aliyemfanya mke wake.

Mama Germaine alinifungulia ukurasa. Mwandiko nilikuwa naujua.

"Wewe uliyezama, usije tena dirishani kwangu mvua ikinyesha. Nimekuzoea, na hilo ndilo baya. Ukiniita nitakuja. Lakini nina mtihani. Kama unanipenda kweli, ningoje mwezi wa saba, nimalize, halafu tutaona."

Juu hapakuwa na jina la kitabu. Mardochée hakutaka jina la kitabu. Alisema barua halisi haihitaji kujieleza.

"Papa Adalbert," alisema Mama Germaine, "weye unajua bitabu. Hii maneno inatoka mu kitabu, ao inatoka mu mutoto?"

Swali lake nililisikia vizuri. Jibu lilikuwa sentensi moja: ni sheria yangu mimi, na kopo limejaa barua kama hiyo. Sikuisema. Nilitaka kwanza Sephora akaripiwe, aletwe mbele ya turubai langu ameinamisha kichwa, aombe radhi kwa ajili ya kambi. Basi nilisema nilichokuwa nimekisema kila siku kuhusu vitabu vile. Nilisema ni vitabu vya wafu. Nilisema vinaingia katika kichwa cha mtoto na kumla kutoka ndani, na kwamba barua hiyo mimi sijawahi kuletewa.

Kila neno lilikuwa la kweli kwa namna yake. Mama Germaine alifunga daftari katika leso, akanishukuru, akaondoka taratibu kuelekea barabara kuu. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya malori, na bado nilikuwa najiambia kwamba Jumamosi msichana ataletwa.

Jumamosi hakuletwa. Aliyenipa habari ni jirani yao, mama wa karanga. Vitabu vilivyokuwa nyumbani vimechomwa uani. Sephora haendi tena shule. Anakaa chumbani, amefunga kula kwa maombi. Na kwa kuwa mume wa majini amepewa ahadi ya mwezi wa saba, msichana atapelekwa Kasomeno, katika kambi ya maombi ya mchungaji yule, mbali na mto na mbali na mji, asirudi mpaka mwezi wa saba upite. Nilimwuliza kama wanajua mwezi wa saba ni wa nini. Alisema wanajua, mtihani. Mchungaji amesema shetani naye anajua kuchagua tarehe.

Nilichukua kopo nikaenda Kamalondo siku ile ile. Walikuwa wameketi uani, Mama Germaine na Léonie, na mlango wa chumba umefungwa. Sikuketi. Nilieleza kila kitu, Mardochée, chumba cha kusomea, sheria, na nikamkumbusha Mama Germaine kwamba Elisée mwenyewe aliwahi kusimama pale akasoma barua kwa mfalme mmoja wa kitabuni. Alisema hakumbuki, wanawake hawakuingia chumba kile. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Basi nikazitoa barua zote kumi na moja, nikavaa miwani, nikasimama kama tulivyosimama zamani, nikasoma. Nilisoma ya maji, nilisoma ya kitenge. Nyuma ya mlango nilisikia kicheko kifupi. Uani hakuna aliyecheka. Nilipomaliza ile ya kijana mwenye miaka mia moja, Léonie alikuwa amejishika kifua.

"Kumbe beko wengi," alimwambia mama yake, akidhani kila barua ina pepo wake.

Nilijaribu kusema. Alinikata kwa heshima, akaniita baba, akauliza kwa nini mzee wa miaka yangu alikuwa ananunua roho ya mtoto kwa barua na kuzifungia katika kopo. Mama Germaine hakuniangalia. Alisema tu kwamba Jumatano ile alikuja kwangu kwa sababu hakuna mwingine ambaye angemwamini, na kwamba nilichosema alikisikia, na leo nasema kingine.

Alinyoosha mkono. Nilimpa kopo, na Léonie akaenda nalo jikoni, penye moto.

Niliwaona tena mara moja, wiki ya kwanza ya mwezi wa nne, asubuhi, mahali magari ya kwenda Kasenga, yanayopitia Kasomeno, yanapopakia. Walikuwa wamepanda lori la magunia ya unga, mtu na nyanya yake, juu ya mizigo. Sephora alikuwa amekonda. Kichwani alikuwa amefungwa kitambaa cheupe. Nilisimama chini, karibu na gurudumu, na nilikuwa nimeandika jambo kwenye karatasi nimsomee, kwa sababu kusema bila karatasi sijui tena.

Aliniona kabla sijaifungua.

"Kitabu yako balichoma, kambo," alisema. "Sitairudisha."

Nilimwambia haidhuru.

"Sikufika ku mwisho. Ule kijana alingoya?"

Kitabu kile sijakisoma. Hakuna hata kimoja cha katoni lile nilichokisoma. Nilivihukumu kwa majalada. Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo, alingoja, na nikaona Mama Germaine ananitazama, anasubiri kuona nitasema lipi safari hii. Nikairudisha karatasi mfukoni.

Injini iliwaka. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya mwisho wa masika, membamba. Lori liligeuka kuelekea barabara ya Kasenga, na Mama Germaine akainuka kwa magoti juu ya magunia, akalivuta turubai la lori kwa mikono miwili, akamfunika msichana kichwa na mabega na miguu, akakaza pembe zote, ili tone la mvua lisimguse.