Mawe Yetu Mbele ya Jukwaa

Sisi tuliokulia Katandala, hapa Sumbawanga, wakati mtaa mzima unategemea bomba moja, tulijua kupanga foleni kabla hatujajua kusoma. Na kwenye foleni yenyewe hukusimama kwa miguu, uliweka jiwe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, na majirani waliyajua mawe ya wenzao kama walivyojua watoto wa wenzao. La kwetu lilikuwa bapa, jekundu, lina ufa katikati. Alfajiri unaliweka kwenye mstari, unakwenda zako shamba au shule, ukirudi unakuta limesogezwa mbele na watu ambao hata hawakukuona. Vijana wa sasa nikiwasimulia wanacheka, wanauliza kwa nini mtu asilitupe tu pembeni akachota maji. Enzi zetu wazo hilo halikumwingia mtu kichwani.

Nakumbuka baridi ya Juni, sweta za shule zilizotoboka viwiko, na sisi tukicheza rede vumbini mpaka midomo inapasuka. Nakumbuka ugali wa ulezi na maharage yaliyochemka tangu asubuhi, na Mama akituambia kuwa anayetaka kucheza amalize sahani kwanza. Jumamosi mchana baba aliweka redio dirishani. Ikipigwa bendi fulani ya Dar es Salaam, Mama aliacha hata moto uzimike. "Tulieni," alisema, "hilo gitaa ni la Deo."

Mjomba Deo alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki Deo akiwa bado ananyonya, na Mama yangu, binti mdogo tu, akamlea mgongoni kule kijijini Chala. Alipokua, babu alitaka awe padri, yeye akataka gitaa. Siku moja Mama akiwa shambani, Deo akadandia lori la mahindi lililokuwa linakwenda Mbeya, hakumuaga mtu. Baadaye Mama akaolewa akahamia Katandala, na Deo hakujua tena dada yake yuko wapi. Mama alijua yumo kwenye bendi ile aliposikia mtangazaji akimtaja jina, na sisi watoto tulimjua mjomba wetu kwa sauti ya gitaa tu.

Basi gari la matangazo likapita mtaani na spika juu. Bendi ile ilikuwa inakuja kwenye uwanja wetu wa mpira. Ingetoka Mpanda, ipige kuanzia mchana, na jioni hiyohiyo iondoke kwenda Mbeya. Mama hakulala vizuri wiki ile. Kwa hesabu zake ilikuwepo njia moja tu ya Deo kumwona, nayo ni kusimama mbele kabisa, chini ya jukwaa.

Asubuhi ya siku yenyewe tukabeba jiwe letu mpaka uwanjani, tukaliweka karibu na kamba. Wala hatukuwa wajanja peke yetu. Nusu ya Katandala ilishapita hapo, mawe yamejipanga mstari mzima, na Mama aliyasoma moja moja akijua nani atasimama kulia kwake na nani kushoto. Tukarudi nyumbani na amani tele. Mama akasonga ugali wa ulezi, akauweka na maharage kwenye bakuli, akalifunga kwa kitenge ili Deo aule ukiwa moto, akavaa gauni lake la kanisani.

Tuliporudi hapakuwa na jiwe hata moja, na pale mbele pamejaa watu. Walinzi waliokuja na bendi walikuwa wageni. Walipoona mawe yamepangwa mbele ya jukwaa, waliamini watu wa Sumbawanga wamejiandaa kuwapopoa wanamuziki. Wakayazoa yote kwa toroli na kuyamwaga nje ya uwanja.

Mama akamfuata mmoja wao. "Samahani baba, jiwe langu lilikuwa hapa."

"Yaani na wewe mama, mtu mzima, ulitaka kurusha mawe?"

"La foleni, baba. Huyo wa gitaa ni mdogo wangu."

"Leo kila mtu ana ndugu jukwaani. Rudi nyuma, mama."

Angeweza kupenya. Wengine walipenya kwa viwiko na hakuna aliyewafanya kitu. Lakini kwa Mama, aliyetangulia ametangulia; akaniambia tusisumbue watu. Tukaishia nyuma ya goli la upande wa pili.

Kutoka pale Deo alikuwa mdogo kama kidole. Mama alitazama muda mrefu, akasema, "Amenenepa," akafuta macho kwa upindo wa kitenge. Baada ya nyimbo kadhaa Deo akasogea kwenye kipaza sauti. Akasema ana dada huku Ufipa, anaitwa Skola, ndiye aliyemlea. "Dada, kama upo, nyoosha mkono nikuone."

Mama akanyoosha mkono. Uwanja mzima ukanyoosha mikono, wanaume kwa wanawake, wakishangilia, wakidhani ni sehemu ya burudani. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Deo aliweka kiganja juu ya macho, akapitisha macho safu za mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha akacheka kidogo, akarudi kwenye gitaa lake.

Tulipofanikiwa kufika getini, gari lao lilikuwa limeshaingia barabarani. Ule ugali tuliula sisi watoto, umepoa, na Mama hakuugusa. Miaka michache baadaye Deo aliugua hukohuko Dar es Salaam, akazikwa kabla habari haijatufikia.

Inaniuma mpaka leo. Laiti Mama angekosa adabu kwa dakika moja tu. Kijana wa sasa angepiga simu, "Anko, niko nyuma ya goli, nimevaa njano," na mambo yakaisha. Nao wenye kila njia ya kuonana ndio wanaokwenda uwanjani na kuligeuzia jukwaa mgongo ili wajipige picha.

Mwezi uliopita binti yangu Neema alikwenda kwenye tamasha pale pale uwanjani. Alisukuma watu mpaka akafika mbele. Kesho yake akaketi na bibi yake, akamwonyesha video ya mwimbaji akiinama na kumpungia.

"Cheki bibi, aliniona kabisa."

"Mnafahamiana?"

"Hapana bibi, namshabikia tu."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka ikajizima. Akamrudishia mjukuu wake taratibu.

"Na dada yake huyo mwimbaji," akauliza, "alipata pa kusimama?"