Mahindi Niliyoyaosha

Juzi, katika duka moja hapa ugenini Malvern, niliona mahindi makavu yametundikwa kama pambo, meupe pe. Nilikosa raha, nikatoka bila kununua kitu.

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Makete, siku moja kipupwe kilikuwa kinaisha. Mama alikuwa shambani, na mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya mafiga, meusi kwa masizi. Niliyaona machafu. Niliyaosha kwa sabuni, moja moja, nikarudia, mpaka jiko likanukia kama siku ya kufua.

Mama aliporudi aliyashika. "Umeyaosha kwa maji ya moto, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Ya baridi yaliniuma vidole."

Hakunigombeza. Alichukua kikapu akaenda kwa majirani, nami nikamsubiri mlangoni, nikiamini amekwenda kunisifu. Sasa najua nilikuwa nimeziua mbegu zote, naye alikwenda kuomba nyingine kabla mvua haijanyesha.